Bami Amelala Jikoni Kwetu

Mchana humwoni.
Amejifukia mchangani mwili mzima,
amebakiza pua tu, nyembamba,
yenye vijimrija viwili vya kuvutia pumzi,
kama mgonjwa aliyejifunika gubigubi
asiyetaka kujuliwa hali.

Usiku ndipo anapotoka.
Shangazi Oiphali naye ni wa usiku.

Jana mchana alikuja Bwana Bhorali wa idara ya ardhi,
viatu mkononi, faili kwapani.
Akapanda ngazi, akaketi juu ya uchaga wetu wa mianzi,
akakataa pombe ya mchele, akakubali chai,
akauliza: Mama, shamba lenu liko wapi?

Shangazi akanyoosha kidole.
Kikapita mgomba, kikapita ukingo,
kikaenda kusimama katikati ya mto Luit
pale bata mmoja alipokuwa akipiga mbizi.
Pale, alisema. Bigha saba.
Na kisima.

Bwana Bhorali aliandika kitu.
Kilikuwa kifupi.

Mara nne tumeng'oa nguzo za nyumba hii,
mara nne tumezisimika nyuma zaidi,
na mto unatufuata bila haraka
kama mdai anayejua unapolala.
Kisiwa kinamegeka usiku, unasikia: bwu!
halafu kimya, halafu mbwa.

Sasa ni Januari, mto umekonda.
Tunatoka na mtumbwi, mimi nikishika kurunzi.
Shangazi hategi mgono penye samaki,
ingawa majirani humcheka.
Anatafuta msufi wa ng'ambo,
anatafuta taa ya kivukoni,
anapiga kasia mpaka mti umeze taa.
Hapo, anasema. Jikoni.
Hapo ndipo mama yako alipokuwa akikaanga ufuta
akiimba vibaya.

Tukavuta. Kamba baridi, matope,
dagaa watano, kaa asiye na mguu mmoja,
na yeye.

Rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Ubavuni mabaka, mwandiko wa mtu mwenye haraka.
Mgongoni miiba, mmoja mmoja, safu nzima,
ambayo huilaza akipita zake
na kuisimamisha akiguswa.

Nilimgusa.

Damu ilikuwa nyeusi kwenye mwanga wa kurunzi.
Shangazi hakunipa pole.
Alifungua fundo la pindo lake, akatoa jivu,
akajipaka viganja, akamkamata nyuma ya kichwa
kwa upole, kama anayemshika mtoto wa watu.
Bami hashikwi kwa nguvu, alisema,
anashikwa kwa jivu.
Akanipaka lililobaki kwenye kidonda.

Nikatazama chini. Maji, basi.
Lakini mahali fulani chini ya mtumbwi wetu
mafiga matatu bado yamesogeleana,
na usiku kucha huyu hupita katikati yake
akinusa wadudu pale moto ulipokuwa,
mpangaji asiye na hati,
wala hakuna anayemwendea na faili.

Nilitaka kusema tumwachilie.
Nilikuwa na maneno mazuri kabisa.
Shangazi akasema ana njaa.

Tulimpika kwa haradali na tunda chachu.
Nyama yake ni tamu, ina uti mmoja, haikusumbui.
Nilikuwa nalamba vidole
jino lilipokwaruza kitu: krrp.
Mchanga.

Nikageuza uso nielekee upenyo wa sakafu
ambako kuku husubiri.

Usiteme, alisema Shangazi Oiphali,
bila kuinua macho kutoka sahani yake.